Ruhusa ya Ritifaa Katika Majina ya Programu

Programu ya kompyuta, ikiondolewa fahari ya mashine inayoiendesha, ni maandishi, na kama yalivyo maandishi yote thamani yake kwa msomaji hutegemea sana majina yaliyomo ndani yake. Mtunga programu haiamuru kompyuta jambo moja moja tangu asubuhi hadi jioni, bali huyakusanya maagizo yanayokwenda pamoja, huyafunga fungu moja, hulipa fungu lile jina, na tangu hapo kila anapotaka kazi ile itendeke hulitaja jina tu, nayo kazi hutendeka. Fungu la namna hiyo huitwa methodi. Programu ya benki ina methodi ya kuweka fedha na nyingine ya kutoa. Programu ya shule ina methodi ya kusajili mwanafunzi na nyingine ya kupata wastani wa alama zake. Na programu kubwa huwa na maelfu ya methodi, kila moja na jina lake, zilizotungwa na watu ambao pengine hawajapata kuonana. Kompyuta yenyewe haiyajali majina hayo. Methodi ya kutoa fedha ukiiita "toa", au "x17", au "bilauri", itafanya kazi ile ile kwa mwendo ule ule. Jina ni la mwanadamu atakayekuja kusoma baada ya mwandishi kuondoka, na kwa hiyo swali la alama zipi ziruhusiwe katika jina, ambalo kwa mtazamo wa haraka ni la mafundi peke yao, kwa hakika ni swali la uandishi, na kila mwenye kuipenda lugha yake ana haki ya kulitolea rai.

Kaida iliyoenea ni finyu. Katika lugha nyingi za programu jina huruhusiwa kuwa na herufi, tarakimu na kistari cha chini, illa lisianze kwa tarakimu. Zaidi ya hapo ni marufuku. Alama ya kuuliza haipiti, alama ya mshangao haipiti, kistari cha kati hakipiti, nafasi haipiti, na ritifaa, ile alama ndogo ikaayo juu baada ya g katika neno ng'ombe, nayo haipiti. Kwa Mwingereza katazo la ritifaa ni usumbufu mdogo, kwa kuwa yeye aghalabu huitumia kufupisha maneno ambayo angeweza kuyaandika kwa urefu; kwetu sisi ni kukatazwa sauti nzima, maana tahajia sanifu ya Kiswahili haina njia nyingine ya kuiandika sauti ile. Mtu akiandika "ngoa" pale alipokusudia "ng'oa" hakufupisha kitu, bali ameandika neno jingine lenye maana yake.

Kabla ya kuwalaumu waliotunga kaida hii, ni insafu kwanza kuufahamu udhuru wao. Programu, ili ipate kutendeka, aghalabu hupita mikononi mwa programu nyingine iitwayo kompaila, ambayo kazi yake ni kuyafasiri maandishi ya mwanadamu kwa lugha ya mashine. Kompaila haisomi kama tusomavyo sisi, kwa kuliona neno zima mara moja na kulipima kwa maana ya sentensi. Husoma herufi baada ya herufi, na kwa kila herufi hujiuliza kama jina lililoanza linaendelea au limekwisha. Chukua ibara fupi "jumla-deni". Je, hili ni jina moja lenye kistari katikati, au ni majina mawili, jumla na deni, na kistari ni alama ya kutoa? Msomaji akijua kwamba programu ni ya duka atakisia. Kompaila haina ruhusa ya kukisia, sharti iwe imeamriwa mapema. Katika C, Java na Python imeamriwa kwamba kistari ni kutoa daima, na kwa hiyo jina lenye kistari haliwezekani. Katika COBOL, lugha ya shughuli za biashara na serikali iliyoanza kutungwa mwaka 1959, imeamriwa kinyume: kistari kilichobanwa na herufi pande zote mbili ni sehemu ya jina, na anayetaka kutoa hana budi aache nafasi kabla na baada yake. Katika Lisp, aliyoiasisi John McCarthy huko MIT mwaka 1958, swali halizuki kabisa, kwa kuwa alama ya hesabu hutangulia na vyote hufungwa ndani ya mabano, hivi: (- jumla deni), na kistari kilichomo ndani ya jina hakiwezi kushukiwa kuwa kitu kingine. Almuradi hakuna alama iliyo haramu kwa dhati yake. Kila inayokatazwa katika majina imekatazwa kwa sababu ilikwisha kupewa kazi nyingine, na aliyeigawa kazi hiyo ni mtu aliyekaa akachagua.

Na uchaguzi huo uliongozwa pia na uhaba. FORTRAN, iliyotolewa na IBM mwaka 1957 chini ya uongozi wa John Backus, haikuruhusu jina la kawaida lizidi herufi sita, tena herufi kubwa na tarakimu tupu. Mashine iliyotungiwa, IBM 704, iliigawa kumbukumbu yake katika vipande vya biti 36, na kila herufi ilichukua biti 6. Basi herufi sita zilikijaza kipande kimoja barabara, na ya saba haikuwa na mahali pa kukaa. Watu waliolelewa na uhaba huo walizoea majina yaliyokatwa mikia, na mazoea yakabaki hata uhaba ulipokwisha. Mwaka 1963 ikaja ASCII, orodha ya Marekani ya alama za maandishi, yenye nafasi 128 ambazo mashine za makampuni mbalimbali zingeafikiana juu yake, na humo alama ya mshangao ikapewa namba 33, ritifaa 39, na alama ya kuuliza 63. Kistari cha chini hakikuwemo. Mahali pake, namba 95, palikuwa na mshale uelekeao kushoto, na kistari kikaingia mwaka 1967 orodha iliporekebishwa. Watu wa Smalltalk katika maabara ya Xerox huko Palo Alto, ambao mashine zao ziliendelea kuonyesha mshale mahali pale, na ambao mshale ule walikuwa wakiutumia kwa shughuli nyingine, walizoea kuyaunganisha maneno ya jina kwa kuweka herufi kubwa katikati, kama "wekaFedha", na mtindo huo ndio unaoonekana leo katika Java na katika lugha nyingi zilizofuata. Kijana anayeanza kujifunza huyapokea mambo haya kama sheria za maumbile. Lakini ni mabaki ya maamuzi ya kamati na ya upungufu wa vyombo ambavyo sasa viko katika majumba ya makumbusho.

Waliopata uhuru wa alama waliutumiaje? Hapa ndipo maudhui yetu yanapopata uzito wake. Lisp za kale, zilipotaka kutaja kitendo kinachouliza swali la ndiyo au siyo, ziliongeza herufi p mwishoni mwa jina, na msomaji mgeni hakuwa na njia ya kujua p ile ni ya nini mpaka afundishwe. Scheme, tawi la Lisp lililoanzishwa MIT na Gerald Jay Sussman na Guy Steele mwaka 1975, likaiacha p na kuweka alama ya kuuliza yenyewe. Na kwa kitendo kinachokibadilisha kitu kilichopo, badala ya kuleta kipya, ikawa desturi kumalizia jina kwa alama ya mshangao. Kisha Yukihiro Matsumoto wa Japani, alipoitoa Ruby hadharani mwaka 1995, akaiingiza desturi hiyo katika lugha ambayo watu wengi zaidi waliipenda na kuitumia, na kwa mlango huo alama hizi mbili zikawafikia waandishi ambao Lisp hawajapata kuigusa.

Tuseme tuna orodha ya majina ya wanafunzi, na mwandishi ametunga methodi tatu za kuishughulikia: "tupu?", "panga" na "panga!". Ya kwanza inauliza kama orodha haina kitu, na jibu lake ni kweli au si kweli. Ya pili inaleta orodha mpya iliyopangwa kwa alfabeti, na ile ya awali inabaki kama ilivyokuwa. Ya tatu inaipanga orodha ile ile, na mpangilio wake wa kwanza unapotea usirudi tena. Mtu anayeisoma programu hii usiku wa manane, akitafuta kwa nini orodha ya matokeo imevurugika, ataiona alama ya mshangao kabla hajamaliza kusoma mstari, na atajua aanzie wapi. Mwandishi wa Java, asiye na ruhusa hiyo, ataiita ya kwanza "niTupu" na ya tatu "pangaPapoHapo". Si majina mabaya, lakini la pili limerefuka kwa maneno ambayo msomaji sharti ayasome yote ndipo atahadhari, na la kwanza, ilhali ni swali, limeandikwa kama tamko.

Hilo la tamko na swali lataka tutue kidogo, kwa sababu Kiswahili kina haja nalo kuliko lugha ambazo programu nyingi huandikwa kwazo. Mwingereza akitaka kuuliza huupindua mpangilio wa maneno yake, na mtu akiyaona yamepinduliwa hujua kwamba anaulizwa hata kama hakuna alama mwishoni. Sisi hatupindui. "Amelipa" na "Amelipa?" ni neno moja, kwa herufi zile zile na kwa mpangilio ule ule; kinachotofautisha habari na swali katika kinywa ni sauti, na katika maandishi ni alama ya kuuliza peke yake. Fauka ya hayo kitenzi chetu ni sentensi kamili: ndani ya neno moja mna mtenda, mna wakati, na mna tendo. Basi methodi iitwayo "amelipa?" katika programu ya ada za shule ni swali zima, fupi na bayana, ambalo mzazi asiyejua lolote katika kompyuta angelisoma na kulielewa. Iondoe alama, na methodi inayouliza kama mwanafunzi amelipa itasomeka kana kwamba inatoa habari kuwa amelipa. Nathubutu kusema kwamba hakuna alama ambayo ingemfaa mwandishi wa programu za Kiswahili kuliko hii, na kwamba lugha inayoikataza humnyima yeye zaidi kuliko inavyowanyima wengine.

Walakini Ruby haikuipata ruhusa hii bure. Humo, kama katika C, alama ya kuuliza ina kazi nyingine ya zamani, ya kuchagua moja katika mawili: husemwa sharti, ikafuata alama ya kuuliza, likafuata jambo la kutendwa sharti likitimia, kisha nuktambili na jambo la kutendwa lisipotimia. Kwa hiyo mwandishi anayetaka kumkubali mwanafunzi aliyelipa na kumkataa asiyelipa huandika "amelipa? ? kubali : kataa", alama mbili za kuuliza zikikaa bega kwa bega, ya kwanza ikiwa mali ya jina na ya pili mali ya sentensi, na nafasi iliyo kati yao ikifanya kazi kubwa kuliko ukubwa wake. Vivyo hivyo alama ya mshangao ikifuatana na alama ya usawa huwa ni alama ya kutokuwa sawa, na Ruby hulazimika kuitazama alama inayofuata kabla haijaamua kama mshangao ule ni mkia wa jina au ni mwanzo wa kitu kingine. Ili mashaka yasizidi, Ruby imeweka mipaka: alama hizi mbili huruhusiwa mwishoni tu, na kwa methodi tu, si kwa majina ya vitu vingine. Mipaka hiyo naiona ni hekima. Tena alama ya mshangao haina nguvu ya sheria, kwani katika Ruby zimo methodi zinazobadilisha vitu bila kuwa nayo, na desturi ni kuiweka pale ambapo ziko methodi mbili za jina moja na mojawapo ina hatari zaidi. Anayeitegemea kama kinga atadhurika. Anayeichukua kama hadhari itamfaa.

Gharama nyingine imejificha chini ya sakafu. Mashine ya Java, ambayo huendesha pia lugha nyingine kama Scala, Clojure na Kotlin, ni karimu kuliko lugha ya Java yenyewe: katika jina la methodi hukataza alama chache tu, nazo ni nukta, nukta mkato, mkwaju, bano la mraba la kufungulia, na alama za udogo na ukubwa, kwa kuwa inazihitaji kwa shughuli zake za ndani. Hata hivyo, waandishi wa lugha zinazoishi juu yake wamechagua tahadhari. Scala, ya Martin Odersky wa Lausanne nchini Uswisi, humruhusu mtu kuiita methodi yake kwa alama ya kujumlisha, lakini chini huiandika "$plus". Clojure, aliyoitoa Rich Hickey mwaka 2007, huipokea "amelipa?" kwa furaha, na chini huigeuza kuwa "amelipa_QMARK_". Siku programu ikianguka, ripoti ya maanguko huandikwa kwa majina hayo ya chini, na mwandishi aliyechagua jina zuri hukutana na sura ambayo hakuipa. Ni kero, wala si ndogo kwa anayeanza.

Wapinzani wa alama wana hoja nyingine ambazo mtu mwadilifu hawezi kuzipuuza. Alama moja hubeba maana mbalimbali kila inapohamia: ule mshangao ambao katika Scheme na Julia huashiria mabadiliko, katika Elixir huashiria kwamba methodi ikishindwa itapaza kosa badala ya kurudisha jibu la kushindwa, na katika Rust hauhusu mabadiliko wala makosa, bali huashiria makro, yaani agizo linalopanuliwa kuwa maandishi mengine ya programu. Vyombo vya kutafutia maneno navyo huisoma alama ya kuuliza kama amri yao wenyewe, na katika anwani za tovuti alama hiyo hiyo hutenganisha njia na maulizo. Tena uhuru ukiachwa wazi kabisa huzaa ufisadi wake. Wako waandishi wa Scala waliotunga methodi ambazo majina yao ni vishada vya mishale, mawimbi na nukta, visivyo na matamshi, ambavyo msomaji hawezi kuvitafuta katika kamusi wala kumuuliza mwenzake kwa simu. Jina lisilotamkika limepoteza nusu ya ujina wake. Lakini hoja hii, ukiipima vizuri, haiigusi "amelipa?", ambayo kila mtoto wa darasa la pili hujua kuitamka, wala haiigusi ng'ombe.

Na kwa ng'ombe tuingie sasa. Chukua programu ya chama cha wafugaji, yenye methodi ambayo mwandishi angependa iitwe "hesabu_ng'ombe". Akiiandika katika Python, lugha hiyo itasoma vema mpaka g. Ikikutana na ritifaa itadhani kwamba nukuu imeanza, maana Python hufungua na kufunga nukuu kwa alama hiyo hiyo, itaendelea mpaka mwisho wa mstari ikitafuta ritifaa ya kufungia, haitaiona, na itarudi na lalamiko la nukuu isiyofungwa. Java italalamika kwa namna yake, kwa sababu kwake ritifaa mbili huzunguka herufi moja tu. Perl, iliyotungwa na Larry Wall mwaka 1987, ilikuwa na shani kuliko zote, kwani kwa miaka mingi haikulalamika kabisa: ritifaa iliyo kati ya herufi ilikuwa kwake alama ya kutenganisha jina la kifurushi na jina la kitu kilichomo, na kwa hiyo jina lile ilikuwa ikilisoma kuwa ni methodi iitwayo "ombe" iliyomo ndani ya kifurushi kiitwacho "hesabu_ng". Mnyama amekatwa vipande viwili, na mwenyewe hana habari.

Ziko, hata hivyo, lugha zinazompokea ng'ombe mzima. Haskell, ambayo kamati ya wanazuoni wa nchi mbalimbali iliitangaza mwaka 1990, na OCaml iliyotungwa Ufaransa, huihesabu ritifaa kuwa sehemu halali ya jina ikiwa si alama ya mwanzo. Hazikufanya hivyo kwa kutukumbuka sisi; wanahisabati wamezoea kuandika x, kisha x' kwa ndugu yake wa karibu, na waliotunga lugha hizi walitaka desturi hiyo isivunjike. Kotlin humruhusu mwandishi kulifunga jina kwa vialama viwili vilivyoinama, na ndani yake akaweka nafasi na ritifaa kama apendavyo, na wengi huitumia ruhusa hiyo kwa methodi za majaribio, ambazo majina yake huwa sentensi nzima. Lakini iliyolipata jawabu kamili, kwa rai yangu, ni Raku, ambayo ilitolewa mwezi wa Desemba 2015 kwa jina la Perl 6 na kubadilishwa jina mwaka 2019. Kaida yake ni nyepesi: ritifaa na kistari huruhusiwa ndani ya jina maadamu kila kimoja kimetanguliwa na herufi na kufuatwa na herufi. Katika Raku methodi huweza kuitwa "hesabu-ng'ombe", sawasawa na jinsi mkono wa mwalimu wa Kiswahili ungeliandika, na lugha haitasema neno.

Yupo atakayejibu kwamba dawa imekwisha patikana katika Unicode, ile orodha kubwa iliyoanza kutolewa mwaka 1991 na inayokusudia kuzikusanya hati zote za ulimwengu. Kweli imefanya makubwa. Java tangu ilipotoka imepokea herufi za hati yoyote katika majina, na Python ikafuata kwa toleo lake la tatu la mwaka 2008, hata mtu akitaka leo kuipa methodi yake jina la Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama wazee wa pwani walivyoandika kwa karne nyingi kabla ya herufi za Kilatini, Python itampokea. Na humo katika Unicode imo alama yenye umbo la ritifaa ambayo imeandikishwa kuwa herufi, si alama ya uakifishaji. Namba yake katika hesabu ya kumi na sita ni 02BC, na Python na Java huikubali katikati ya jina bila ya kinyongo. Tatizo ni kwamba haiko katika kibodi za kawaida, na kwamba jicho haliwezi kuitambua kwa uhakika miongoni mwa dada zake, yaani ritifaa nyoofu ya namba 39 na ile ya kupinda ambayo programu za uandishi huiweka zenyewe. Methodi mbili zitaonekana kuwa moja, na mwandishi atakesha akitafuta kosa ambalo liko mbele ya macho yake. Mwaka 2021 Nicholas Boucher na Ross Anderson wa Chuo Kikuu cha Cambridge walionyesha jinsi mtu mwenye nia mbaya anavyoweza kuficha hila ndani ya programu kwa kutumia alama zisizoonekana na herufi zinazofanana sura, msomaji akaona jambo moja na kompaila ikatenda jingine. Ruhusa ya namna hiyo siitaki. Alama ninayoiombea nafasi ni ile ile ya namba 39, iliyo katika kila kibodi, ambayo kila Mswahili huibonyeza aandikapo ng'ambo, ng'ara na ng'amua.

Wala sisemi kwamba kila lugha inaweza kuifungulia mlango kesho. Katika Python mtu huandika r, au b, au f, kisha ritifaa, kuonyesha aina ya nukuu inayofuata. Katika C huandika L kisha ritifaa kwa herufi pana. Na kaida ya Raku ikiingizwa humo kama ilivyo, nukuu hizo zitamezwa na majina, na programu nyingi zilizokwisha kuandikwa zitavunjika. Hiyo ni sababu ya kweli, nami naikubali. Lakini C++ nayo ilikuwa na minyororo hiyo hiyo, na mwaka 2014 ikaipatia ritifaa mahali kati ya tarakimu, ili milioni iandikwe 1'000'000 na isomeke kwa urahisi. Waliotaka walitafuta njia wakaipata, kwa sababu walioihitaji walikuwemo katika kikao. Wenye haja ya ng' hawajawahi kuwa wengi katika vikao hivyo, na hiyo ndiyo tafsiri yangu ya mambo yalivyo, si kwamba jambo lenyewe ni zito.

Kwa hiyo nawaelekea vijana wetu wanaotunga lugha mpya za programu, na wale wanaotia mkono katika zilizopo. Ipeni methodi ruhusa ya kumalizikia kwa alama ya kuuliza ikiwa inauliza, na kwa alama ya mshangao ikiwa inabadilisha, na mahali pengine alama hizo zisiingie. Ipeni ritifaa ruhusa ya kukaa kati ya herufi mbili. Mkiamua maana ya alama, iandikeni katika kitabu cha lugha tangu siku ya kwanza, na msiikubali alama ambayo jicho haliwezi kuitofautisha na nyingine. Na walimu wanaowafundisha watoto kuprogramu kwa Kiswahili, wakilazimika kutumia lugha inayoikataza ritifaa, nawaomba wawaeleze watoto kwamba "ngombe" ni sharti la mashine na si tahajia, kisha waiandike ng'ombe kwa usahihi katika maelezo yaliyo pembeni ya methodi, ambako hakuna lugha inayoikataza.